Mwalimu, nipigie kidogo nisikie

Kila mazoezi lazima niisikie hiyo. Natoa karatasi mpya ya nota, nagawa, kabla mtoto hajaitazama vizuri ashaniambia: mwalimu, nipigie kidogo nisikie. Na mi nakataa. Nakataa kwa upole lakini nakataa kabisa, na kuna wazazi wameshaniuliza mbona namnyima mtoto wakati kazi yangu ni kufundisha, basi leo wacha nieleze kwa kirefu maana hili jambo la kusoma nota nalijali sana na naona bendi nyingi na kwaya nyingi hapa Uganda zinakwama hapo hapo.

Watoto wetu wana masikio makali ajabu. Wamekulia kwenye ngoma, kanisani wanaimba sauti ya pili bila mtu kuwafundisha, ukimpigia baa nane (baa ni kifungu cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima) mara moja anakaribia, mara ya pili anapiga na wewe, mara ya tatu ashaweka na vionjo vyake. Ni kipaji kikubwa na sisemi kiachwe. Ila mwangalie macho wakati anapiga. Yako kwenye vidole vyangu, au kwenye vidole vyake, au dirishani. Karatasi iko pale kwenye stendi lakini haina kazi yoyote. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa bendini miaka, anajua machi zote za bendi, zile nyimbo za gwaride, na mstari mmoja mpya hawezi kuusoma. Halafu siku bendi nyingine inamwita akasaidie, graduesheni au maziko ya mzee fulani, kuna na hela kidogo, anapewa pati, yaani karatasi ya sehemu yake, ya horni ya pili ambayo hajawahi kuisikia maishani, na hapo sikio halina cha kukumbuka. Nimeona vijana wenye toni nzuri kabisa wakirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Sasa mi nikisema kusoma naanzia kwenye mdundo peke yake. Bila do re mi, bila vidole, bila tarumbeta. Sababu yangu ni hii: kwenye bendi ukipiga nota isiyo yenyewe lakini kwa wakati wake, wenzako wanaendelea, msikilizaji wa nyuma labda hata hajui. Ukipiga nota yenyewe kwa wakati usio wake, umevuruga safu nzima. Na mtu anayeanza brasi, yaani tarumbeta na wenzake, ana mambo mengi, midomo, pumzi, vidole, bado sauti haijakaa, ukimwongezea na kuhesabu kwava (nota za nusu pigo) kitu kimoja lazima kianguke na mara nyingi kinachoanguka ni mdundo. Halafu kuna hii ya kwetu sisi wa vikundi vidogo: vyombo havitoshi. Tarumbeta moja wanagawana watoto watatu, wawili wanasubiri. Wale wanaosubiri wana mikono, wana mdomo, wana miguu. Kwenye mdundo hakuna anayesubiri.

Niko Jinja, na kikundi chetu kinaongea Kiswahili kwa sababu ni mchanganyiko, kuna watoto wa kambini, kambi ya jeshi, kuna waliotoka upande wa Busia, kuna Wakongo, Kiswahili ndo kinatuunganisha. Na hawa wa kambini wamenirahisishia kazi sana bila wao kujua. Gwaride wameliona tangu wanatambaa. Kushoto kulia, kushoto kulia, mguu wa kushoto unaangukia pigo la kwanza, na huo mguu haubadiliki hata bendi ipige kitu gani juu yake. Hiyo ndo maana ya pigo, na ndo kitu cha kwanza nafundisha: tunasimama, tunakanyaga pale pale bila kwenda popote, polepole, na midomo inasoma karatasi. Mwendo wa gwaride wa desturi ya Kiingereza uko kwenye 116 hadi 120 kwa dakika, huo ni wa kasi sana kwa anayeanza, sisi tunaanza 60, yaani pigo moja kila sekunde.

Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa, usimsikilize, mtazame mguu. Wakati wa krocheti, nota ya pigo moja, mguu uko sawa. Zikija kwava mbili mbili, mguu wa asiyeelewa unaanza kukanyaga mara mbili, unafuata mdomo. Zikija semikwava nne, za robo pigo kila moja, mguu unasimama kabisa, unangoja mdomo umalize, halafu unaendelea. Hapo hajasoma, anabahatisha, hata kama kwa sikio imetoka vizuri. Nikiona hivo tunarudi, mguu kwanza peke yake mpaka utulie, halafu mdomo unaingia juu yake kwa sauti ndogo. Inachukua muda. Wengine wiki, wengine zaidi, na sioni haja ya kumharakisha mtu hapa maana mguu ukishajitegemea kila kitu kinachofuata kinakuwa chepesi.

Mdomo unasema nini? Sisi tunatumia taa, ta-te, tafatefe, hayo hayo ya shuleni. Krocheti ni taa, kwava mbili ni ta-te, semikwava nne ni tafatefe, minimu, ya mapigo mawili, ni taa-aa. Yalianzia Ufaransa karne ya 19 kwa mtu anaitwa Aimé Paris, John Curwen kule Uingereza akayachukua akayaweka pamoja na solfa yake, ile ya kuandika do re mi kwa herufi, na solfa ikaja huku na wamisionari. Kuna wanaotumia ta na ti-ti, kuna wanaohesabu moja-na mbili-na, yote sawa, chagua moja ukae nayo. Ninachokataza ni kuchanganya mbili kwenye kikundi kimoja, mtoto wa miaka kumi anapotea bure.

Nimejaribu pia maneno, na hapa nina maoni yangu. Vitabu vya nje vinafundisha midundo kwa majina ya wanyama na matunda ya kwao, na maneno hayo mkazo unakaa mwanzo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili linakaa vizuri juu ya kwava mbili: mama, leta, maji. Mama leta maji njoo, hiyo ni baa nzima ya mapigo manne, ta-te ta-te ta-te taa, na hata mtoto mdogo kabisa anaisema bila kukosea. Lakini neno la silabi tatu kama mandazi au samaki ukiliweka kuanzia pigo la kwanza linavunjika, kwa sababu mkazo uko katikati, lenyewe linataka kuanza kabla ya pigo. Basi mi nayatumia kwa kazi hiyo hiyo, kufundisha nota inayotangulia mstari wa baa, man-DA-zi, man peke yake nje, DA inaangukia moja. Kwa semikwava naachana na maneno, narudi tafatefe.

Watu wa kwaya wanaosoma solfa, nawaomba msijione mko nyuma, mko mbele kuliko mnavyofikiri. Angalia hii:

| d : d .r | m : – |

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inakata pigo nusu, mkato unakata robo, kistari kinasema endelea kushika. Yaani hapo juu ni krocheti, kwava mbili, halafu minimu. Taa, ta-te, taa-aa. Mtu anayesoma solfa tayari anajua kukata pigo, anachokosa ni kuitambua sura yake mpya kwenye mistari mitano. Mi huwa nawaandikia mdundo uleule kwa solfa juu na kwa nota chini, wanasoma wa juu, wanasoma wa chini, halafu nafunika wa juu. Siku chache hivi wanashangaa wenyewe.

Sasa turudi kwenye lile la kunyimwa. Nikikataa kukupigia lazima nikupe kitu kipya cha kusoma kila siku, la sivyo zoezi la jana leo umeshalikariri na macho yamerudi likizo. Na hapo ndo watu wanasema vitabu ni ghali, printa hakuna, data inaisha. Suluhisho letu ni dadu. Ile ile ya ludo. Tunapanga hivi: moja ni krocheti, mbili ni kwava mbili, tatu ni resti (kimya) ya krocheti, nne ni semikwava nne, tano ni kwava moja na semikwava mbili nyuma yake (ta-tefe), sita ni semikwava mbili halafu kwava (tafa-te). Rusha mara nne, andika kila kilichotoka, umepata baa moja ya mapigo manne. Rusha mara kumi na sita una baa nne. Kuna baa 1,296 tofauti zinazoweza kutoka humo, hakuna mtoto atakayezikariri na hakuna mwalimu atakayezimaliza. Kwa walioanza juzi nafuta nne, tano na sita, ikitoka unarusha tena, unabaki na krocheti, kwava na resti. Na kule kuandika wenyewe kwenye kaunta buku kunawasaidia sana, mkono ukichora kwava mbili na ule mstari mnene unaoziunganisha, jicho linaanza kuziona kama kitu kimoja, pigo moja, siyo vijiti viwili vya kuhesabu.

Huo mstari mnene naomba uupende. Mwandishi wa nota ameuweka pale akuonyeshe pigo linaanzia wapi na kuishia wapi. Anayeanza anasoma nota moja moja, anachoka haraka. Soma kifurushi.

Kabla ya kuanza kupiga, tulia. Kwenye mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya tangu 1889 ambayo hata hapa Uganda watu wanaifanya, unapewa nusu dakika ya kutazama na kujaribu kabla maksi hazijaanza. Nusu dakika ni ndefu ukijua uitumie vipi. Mi nawaambia hivi: tazama alama ya mapigo pale mwanzo, usianze bila kujua ni nne au tatu. Halafu tafuta baa yenye nota nyingi nyeusi nyeusi, ile inayotisha, isome hiyo kichwani kwanza, na mwendo utakaoweza kuisoma hiyo ndo mwendo wa wimbo wote. Wengi wanafanya kinyume, wanaona baa ya kwanza ina minimu mbili wanaondoka mbio, wakifika baa ya tano yenye tafatefe wanaanguka. Halafu hesabu baa moja nzima kwa sauti, moja mbili tatu nne, ndo uingie.

Ukishaingia usisimame. Hili nalishikilia kuliko yote. Umekosea baa ya tatu? Imepita. Rukia moja ya baa ya nne. Mtoto akikosea silika yake ni kurudi kurekebisha, na nyumbani akifanya mazoezi peke yake anarudi rudi mpaka inakuwa tabia, sasa akiingia bendini wenzake hawawezi kumngoja. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya kusoma, ninasema kusoma tu siyo mazoezi ya wimbo wa kuimba jumapili, tunapita mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mguu unaendelea, anayepotea ananyamaza huku mguu unakanyaga mpaka aone moja ijayo. Kupotea ukarudi bila kusimama ni ufundi, na unafundishika. Nina zoezi langu la makusudi: wanasoma, mi napiga makofi mara moja, wote wananyamaza lakini miguu inaendelea na macho yanaendelea, nikipiga tena wanaingia pale wangekuwa wamefika. Mara ya kwanza kila mtu anaingia pake. Baada ya muda wanaingia pamoja, na nikiona hivo moyo wangu unafurahi kweli kweli.

Na jicho litangulie. Dereva wa boda haangalii tairi lake, anaangalia shimo linalokuja. Nachukua kipande cha manila nafunika baa ambayo mtoto anaipiga wakati huohuo, nakisogeza taratibu, hana njia ila kutazama mbele. Mwanzoni nafunika pigo moja tu nyuma ya jicho lake, nikiona ameweza nasogea.

Resti jamani. Watu wanaona resti kama mapumziko, kumbe ndo penye hatari. Nota ukiichelewesha unajisikia, resti ukiikata hujisikii, unajikuta tu umewahi wenzako. Sisi resti tunaisema, kwa pumzi, "ss", na ina urefu wake kamili. Chukua pati za horni kwenye machi, kazi yao karibu wimbo mzima ni resti ya kwava halafu kwava, resti ya kwava halafu kwava, besi inapiga kwenye pigo na horni zinajibu katikati. Ss-te, ss-te, ss-te, ss-te. Anayeiacha hiyo "ss" ndani ya baa mbili ameshahamia kwenye pigo na besi.

Hapa ndo nasikitika kwamba hatutumii tulichonacho. Amadinda ya Buganda, ile marimba ya mbao kumi na mbili, wapigaji watatu, wa kwanza anapiga mstari wake, wa pili anaingiza wake katikati ya nota za mwenzake, moja yako moja yangu kwa kasi, na wa tatu anachukua zile mbao mbili za mwisho. Mtoto aliyewahi kukaa kwenye ile nafasi ya pili, ya kuingia katikati, hana shida kabisa na "ss-te". Mwili wake unajua. Kazi yangu kwake ni kumwonyesha tu kwamba kile alichokuwa anakifanya pale, kwenye karatasi kinaandikwa hivi. Kwa hiyo kama shuleni kwenu kuna amadinda, au kwa upande wetu Busoga embaire, mpeleke mtoto wa horni akakae pale mchana mmoja kabla hujamkaripia.

Vivyo hivyo 6/8, yaani baa ya kwava sita. Watoto wanacheza baakisimba, ile ngoma ya Buganda, kiuno kinaenda tatu tatu bila kufikiri, halafu wakiona 6/8 kwenye karatasi wanaanza kuhesabu moja mpaka sita kama wanahesabu mayai sokoni na mwendo wote unakufa. Nawaambia miguu miwili tu. Kushoto kwava tatu, kulia kwava tatu. Na linganisha na 3/4: kwava ni sita zilezile, lakini kwenye 3/4 zimefungwa mbili mbili mara tatu, kwenye 6/8 zimefungwa tatu tatu mara mbili, ule mstari mnene ndo unakuambia. Tunapiga makofi ya baa moja ya hii na moja ya hii, kwava zikienda sawasawa bila kubadilika mwendo, na mguu ndo unabadilika. Ni ngumu, hata wakubwa inawasumbua, ila ikishaingia haitoki.

Metronomu, kile kifaa cha kulia kila pigo, tumia, ya bure kwenye simu inatosha. Ukiona M.M. juu ya nota na namba mbele yake, hiyo ni metronomu ya Maelzel, jamaa aliyeisajili 1815. Ila isiwe gongo la kuegemea. Mtoto akisoma vizuri na mlio kwenye kila pigo, ipunguze nusu, badala ya 60 weka 30, sasa inalia kwenye moja na tatu tu na yeye anajaza yaliyobaki. Ndipo utajua pigo liko kwenye simu au liko kwake. Na zile programu za kuandika nota zinazoweza kukupigia wimbo wote, nawaambia watoto wangu waziandikie lakini wasibonyeze pleyi mpaka wasome kwanza wenyewe, baadaye wabonyeze wajilinganishe. Hapo sikio lina kazi yake halali, ya kukagua.

Ni dakika kumi tu kwa siku. Sihitaji zaidi. Dakika kumi kila siku zinazidi saa mbili za jumamosi, kwa jambo hili nina uhakika kabisa, kwa sababu jicho linachoka upesi likianza kusoma kweli.

Nilikuwa nimeahidi wale wa kikundi dadu ya 6/8 basi hii hapa, na wewe ichukue: moja ni krocheti yenye nukta (nukta inaongeza nusu yake, hapa inakuwa pigo zima), mbili ni kwava tatu, tatu ni krocheti halafu kwava, nne ni kwava halafu krocheti, tano ni resti ya pigo zima, sita ni kwava yenye nukta, semikwava, kwava. Mirusho miwili ndo baa moja. Anza na moja, mbili na tatu peke yake, zikizoeleka ongeza nyingine, ila nne iacheni mpaka mguu utulie maana inavuta watu kuchelewa. Jumamosi tutasomea hizo, kila mtu aje na kaunta buku na penseli, na yule mwenye ludo kwao asisahau dadu.